Likizo ng'ambo: tupime kabla ya kufunga safari



Somo la mara hii halikutoka kitabuni. Lilitoka katika mkutano wa tawi, Jumapili moja hapa Kampala, ambapo maswali mawili yaliulizwa moja baada ya jingine, na kwa sikio la haraka yalisikika kama swali moja. Mzee mmoja anayeendesha mashine katika kiwanda cha nguo alisimama akasema amejiwekea akiba miaka miwili, anataka kumpeleka mkewe Mombasa wakaione bahari kabla hawajazeeka zaidi. Je, kuna usalama? Hajaketi vizuri, dada mmoja mchuma chai, aliyekuja mjini kumtembelea ndugu yake, akauliza la kwake. Jirani amemwambia kuna mtu atakayemlipia tiketi ya ndege aende Dubai "likizo ya wiki mbili", na akifika huko huenda akatafutiwa kazi. Je, kuna usalama?

Wengine walicheka. Walisema likizo ng'ambo ni mambo ya wakubwa, likizo yetu sisi ni kwenda kijijini kupalilia. Mimi sikucheka. Mtu aliyesimama mbele ya mashine miaka ishirini ana haki ya kuiona bahari kama mkurugenzi wake. Lakini haki ni jambo moja na kupima safari ni jambo jingine, na hilo la pili ndilo tutakalojifunza hapa.

Kwanza likizo yenyewe

Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inasema mfanyakazi aliyetumika mfululizo hupata siku 7 za likizo yenye malipo kamili kwa kila miezi 4 ya kazi. Kwa mwaka mzima ni siku 21. Ni lazima awe ametumikia mwajiri huyo miezi 6 au zaidi, na tarehe za kuchukua likizo ni mapatano baina ya pande mbili. Sheria hiyo hiyo inasema mapatano ya kuiacha likizo, hata kwa kulipwa fedha, ni batili. Kwa hiyo nyapara anayekuambia "uza likizo yako, sisi tuna kazi nyingi" anakuuzia kitu ambacho sheria haikitambui.

Najua wengi mashambani watasema, "Sisi ni vibarua, hayo hayatuhusu." Kanuni za Ajira za mwaka 2011 zinasema kibarua aliyefanya kazi miezi 4 mfululizo anastahili kupewa mkataba wa maandishi, na tangu hapo si kibarua tena. Wakata miwa wangapi wamo kambini mwaka wa tano sasa wakiitwa vibarua? Hilo ni somo la siku nyingine, ila tulishike, kwa sababu bila mkataba hakuna likizo ya kuzungumzia.

Ukikubaliwa likizo, pata karatasi yenye tarehe mbili, ya kutoka na ya kurudi, na sahihi ya mkuu. Usiondoke kwa neno la mdomo. Mtu akichelewa kurudi siku tatu kwa sababu basi limeharibika Eldoret, asiye na karatasi huitwa mtoro. Hata hapo mwajiri hawezi kukufukuza kwa kosa bila kukusikiliza kwanza, na una haki ya kuwa na mtu uliyemchagua mwenyewe katika kikao hicho. Ukifukuzwa isivyo haki, peleka malalamiko kwa afisa wa kazi mapema, ndani ya miezi 3. Lakini dawa iliyo bora ni kupanga urudi mjini siku mbili kabla ya zamu yako. Kutoka Kampala hadi Mombasa kwa barabara ni zaidi ya kilomita 1,100. Mwili uliotoka safari hiyo asubuhi usipelekwe kwenye mashine ya kukata jioni ya siku hiyo hiyo.

Jambo moja wengi hulisahau. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000 inamlinda aliyeumia kazini kwa sababu ya kazi. Ukivunjika mguu ufukweni, hilo ni lako. Ukiwa na senti za ziada, kata bima ya safari kabla ya kununua viatu vipya. Kwa anayefikiria Zanzibar, tangu Oktoba 2024 serikali ya huko inawataka wageni wa kutoka nje wawe na bima ya kuingilia. Ulizia mapema kama na wewe umo katika hesabu hiyo.

Karatasi za mpakani

Tangu mwaka 2014 raia wa Uganda, Kenya na Rwanda wanaweza kuvuka baina ya nchi hizi tatu kwa kitambulisho cha taifa. Tanzania inataka pasipoti au hati ya muda ya kusafiria. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, inampa raia wa nchi mwanachama ruhusa ya kuingia kama mgeni kwa muda wa hadi miezi 6, na ruhusa hiyo hailipiwi. Kwa hiyo anayekudai fedha dirishani ili agonge muhuri, mwombe stakabadhi. Mara nyingi ombi hilo peke yake humaliza mazungumzo. Hakikisha muhuri umegongwa kweli, maana wako wanaopita njia za panya pale Busia ili kuokoa nusu saa, na wakati wa kurudi hawana la kuonyesha kwamba waliwahi kuingia. Tena ruhusa ya mgeni si ruhusa ya kufanya kazi.

Cheti cha chanjo ya homa ya manjano kina hadithi yake, nami niliilipia. Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda Mutukula nikiwa na cheti kipya kabisa, nimechanjwa siku nne tu kabla. Afisa wa afya alinitazama kwa huruma akaniambia cheti huanza kufanya kazi siku 10 baada ya sindano. Nililala mpakani, nikarudi Kampala, nauli ikapotea. Kosa lilikuwa langu, karatasi yenyewe ilikuwa imeandikwa hivyo na sikuisoma. Habari njema ni kwamba tangu Julai 2016 Shirika la Afya Duniani limekubali sindano moja itoshe maisha yote, kwa hiyo kihifadhi cheti chako kama unavyohifadhi hati ya kiwanja. Vyeti vya kununuliwa uchochoroni viache. Huvunja sheria, na mwili unabaki bila kinga.

Mipaka pia hufungwa. Rwanda ilifunga njia ya Gatuna Februari 2019, na haikufunguliwa hadi Januari 31, 2022. Machi 2020 Uganda ilifunga mipaka na uwanja wa Entebbe kwa abiria kwa sababu ya Korona, na ndege za abiria hazikurudi rasmi hadi Oktoba. Ebola ilipotangazwa Mubende Septemba 2022, na tena hapa Kampala Januari 2025, wasafiri wa kutoka kwetu walipimwa na kuulizwa maswali zaidi. Hakuna awezaye kuyajua hayo mwaka mmoja kabla. Lakini wiki moja kabla ya safari unaweza kusikiliza redio.

Hofu gani ni ya kweli?

Yule mzee alipotaja usalama alikuwa na mabomu akilini. Si ajabu. Sisi wa Kampala tunaikumbuka Julai 11, 2010, watu zaidi ya 70 walipouawa wakitazama fainali ya Kombe la Dunia. Nairobi ilikuwa na Westgate Septemba 2013, na Mpeketoni, karibu na Lamu, ilishambuliwa Juni 2014. Mambo hayo yalitokea na hayafutiki. Ila mimi nadhani mzee anaogopa kitu kilicho mbali na kukipuuza kilicho chini ya miguu yake, yaani barabara.

Usiku wa kuamkia Oktoba 22, 2025, huko Kiryandongo katika barabara kuu ya Kampala kwenda Gulu, mabasi na magari mengine yaligongana, na watu zaidi ya 40 wakafa. Ilikuwa baada ya saa sita za usiku, na polisi walisema chanzo ni madereva waliotaka kupita magari ya mbele. Jiulize basi lako linapita wapi usiku, dereva ni mmoja au wawili, na amelala saa ngapi. Sisi tunaofanya zamu tunajua mkono wa mtu unavyokuwa saa tisa za usiku, na mkono wa dereva hauna tofauti. Ukiweza, gawa safari: lala Nairobi, kisha ushike reli mpya ya Mombasa iliyofunguliwa mwaka 2017, mchana, ukiona nchi. Wazee wetu walisafiri kwa gari moshi kutoka Kampala tangu reli ilipofika hapa mwaka 1931, na ni aibu kwamba leo hatuwezi.

Kwenye maji ni vivyo hivyo. MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza Mei 21, 1996, na watu mamia walikufa ziwani mwetu humu. Kivuko cha Mtongwe, Mombasa, kilizama Aprili 1994 na kuua zaidi ya watu 270. MV Spice Islander ilizama Septemba 2011 kati ya Unguja na Pemba, na MV Nyerere ikapinduka Ukara Septemba 2018. Katika hizo, wingi wa watu kupita kiasi unajirudia kila mara. Basi ukifika gatini ukaona watu wameshikilia vyuma kwa nje, acha tiketi yako ipotee. Na bahari yenyewe haifanani na ziwa. Maji hupwa na kujaa, na mtu aliyekwenda mbali kwa miguu wakati maji yamekupwa hurudi akiogelea, kama anajua kuogelea. Waulize wavuvi, watakuambia saa.

Siasa pia ipimwe. Mwanzoni mwa mwaka 2008, baada ya uchaguzi wa Kenya, reli iling'olewa Kibera na petroli ikaadimika hapa Kampala. Waliokuwa safarini walikwama. Tanzania ilipopiga kura Oktoba 29, 2025, kulikuwa na ghasia, watu waliuawa, Dar es Salaam iliwekewa amri ya kutotoka nje usiku na intaneti ilizimwa kwa siku kadhaa. Kwetu pia, siku ya uchaguzi wa Februari 2016 huduma ya kutuma fedha kwa simu ilifungwa. Tuyaseme haya bila kunyoosheana vidole. Ila usiende likizo katika wiki ya uchaguzi wa nchi yoyote, na usiweke fedha zako zote ndani ya simu. Gawanya: nyingine simuni, nyingine mfukoni, nauli ya kurudi mahali ambapo hata wewe ni vigumu kuzifikia.

Kabla sijaliacha jambo la hofu, tulitazame upande wa pili, maana sisi ni chama cha wafanyakazi. Mei 2014 kampuni za utalii za Uingereza ziliwaondoa wageni wao Mombasa kufuatia onyo la serikali yao. Hoteli zilifungwa, na wapishi, watandika vitanda na madereva waliambiwa waende nyumbani. Sisi pia yametukuta, baada ya watalii kuuawa Bwindi Machi 1999, na tena katika hifadhi ya Queen Elizabeth Oktoba 2023. Mgeni ana haki ya kuogopa. Lakini hofu isiyopimwa hula mshahara wa mfanyakazi mwenzako wa hoteli. Ndiyo sababu namwambia yule mzee apime, asiogope tu.

Mkoba wako

Mambo madogo huharibu safari kubwa. Kaveera tunayofungia mandazi hapa Kampala ni kosa ukivuka nayo: Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, Kenya mwaka 2017, Tanzania mwaka 2019. Beba kikapu. Mirungi, ambayo baadhi ya wenzetu wa zamu ya usiku huitafuna, ni zao halali Kenya, lakini Tanzania ni dawa ya kulevya mbele ya sheria, na kwetu Uganda sheria mpya ya dawa za kulevya iliyopitishwa na Bunge mwaka 2023 imeikataza. Anayetumia dawa za kila siku, za presha, sukari au za kupunguza makali ya UKIMWI, abebe za kutosha siku zote na wiki moja zaidi, katika mkoba wa mkononi na si katika buti la basi.

Na kifurushi cha mtu mwingine usikibebe, hata akiwa shemeji. Mwaka 2014 wananchi wawili wa Uganda walitekelezewa hukumu ya kifo nchini China kwa makosa ya dawa za kulevya. Afisa wa forodha haulizi ni cha nani. Anauliza kimo katika mkoba wa nani.

Kuhusu fedha nitakuwa mfupi. Safari ya akiba ni njema, safari ya mkopo ni mzigo. Tuseme umekopa shilingi 1,000,000 kwa riba ya kumi kwa mia kila mwezi, ukalipa riba tu kwa miezi mitatu. Umeshatoa 300,000 na deni liko pale pale, na bahari umeshaisahau. Wako pia wanaotazama NSSF, kwa kuwa tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2022 mwanachama mwenye miaka 45 aliyechangia miaka 10 anaweza kuchukua sehemu ya akiba yake. Fedha hizo ni za uzee. Mimi nisingezigusa kwa ajili ya ufukwe, ingawa sikukatazi, ni jasho lako.

Mombasa wala huhitaji fahari. Salimia watu. Kiswahili chetu cha kambi na kiwandani kitawachekesha kidogo, lakini "shikamoo" kwa mzee hufungua milango kuliko noti. Vaa kwa heshima ukiingia mitaa ya Mji wa Kale, na ukifika Ramadhani usile barabarani mchana. Ngome ya Yesu, iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593, waashi wa chama chetu wataipenda kwa unene wa kuta zake.

Swali la dada mchuma chai

Sasa tumrudie dada, maana hapo ndipo penye hatari iliyonifanya niandike somo hili. Safari ya mzee ina hatari za barabara. Safari ya dada si likizo hata kidogo, na aliyempa jina hilo alijua anachofanya.

Tutazame dalili. Mtu asiyemjua anamlipia tiketi. Likizo anayolipiwa mtu asiyejulikana na mtu asiyejulikana ni ya nani? Visa ni ya matembezi, na papo hapo kuna maneno ya kazi. Nilipomwuliza ndege inaondokea wapi, akasema Nairobi, atapelekwa kwa basi usiku. Entebbe kuna uwanja. Anayepitisha msichana wa Uganda Nairobi ili apande ndege ya Dubai mara nyingi anakwepa macho ya maafisa wa kwetu. Na jirani alimwambia asiwaeleze wazazi hadi afike.

Akifika huko na visa ya matembezi hana mkataba wa kazi, na kwa hiyo hana mahali pa kushitaki mshahara. Siku za visa zikiisha, faini ya Falme za Kiarabu ni dirhamu 50 kwa kila siku inayozidi. Siku 60 ni dirhamu 3,000. Hapo ndipo mwenye tiketi anapotoa hesabu yake: nimekulipia ndege, chumba, faini, fanya kazi unilipe. Pasipoti iko kabatini mwake. Hata mwenye visa ya kazi, katika nchi nyingi za Ghuba makaratasi yake hufungamana na kafili aliyemwita.

Chama hakiwakatazi watu kufanya kazi nje. Ndugu zetu wengi wamejenga nyumba kwa fedha za huko. Lakini nenda kama mfanyakazi, usiende kama mtalii wa uongo. Wakala anayepeleka watu nje ni lazima awe na leseni ya Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii. Nenda wizarani ukaulize jina lake, usiridhike na picha ya leseni kwenye simu. Mkataba uusome hapa kabla ya kupanda ndege: mshahara, saa, mapumziko, nani analipa tiketi ya kurudi. Malalamiko ya wasichana wa kazi za nyumbani yalipozidi, Januari 2016 serikali ilizuia wasipelekwe Saudi Arabia, na ikafungua tena mwaka 2017 baada ya mapatano ya nchi mbili. Hata mapatano hayo hayakumaliza malalamiko, ila aliyesafiri kwa njia halali ana karatasi ya kuonyesha katika ubalozi wetu, Riyadh au Abu Dhabi. Aliyepitishwa Nairobi usiku ana neno lake tu.

Na kama mtu amekwisha kwenda na kukwama, asione haya wala familia isinyamaze. Sheria ya Kuzuia Biashara ya Binadamu ya mwaka 2009 inasema kukubali kwake si utetezi kwa aliyemdanganya, na kifungo chake ni miaka 15, na zaidi ya hapo makosa yakiwa mazito. Pelekeni habari polisi mkiwa na jina la wakala, namba za simu, nakala ya pasipoti. Ndiyo maana nakala ya pasipoti hubaki nyumbani.

Zoezi la tawi

Katika mkutano ujao kila kikundi kichukue safari moja kati ya hizi mbili. Wanaochukua ya mzee waandike ubaoni siku 14 za likizo: siku ngapi ni za barabara, ngapi za kupumzika, ngapi za akiba kabla ya zamu, kisha nauli za wiki hiyo wazitafute wenyewe vituoni, kwenda na kurudi, kwa watu wawili. Wanaochukua ya dada waandike maswali matano ambayo angemwuliza mwenye tiketi kabla ya kumpa pasipoti yake, na katibu ayabandike karibu na mlango wa kambi.

Dada mwenyewe alikwisha kumwuliza moja. Alimpigia simu yule mtu akitaka jina lake kamili na namba ya leseni, ili chama kiulize wizarani. Simu ilikatwa, na tangu hapo haijapokelewa. Mzee ameandika barua ya likizo, anangoja sahihi.